Bomba la Tanga na makaa ya Mtwara

Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya bomba la mafuta ghafi la EACOP, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Wabunge walitaka mradi ucheleweshwe mwaka mmoja, kwa ajili ya mazingira na haki za wanaopisha bomba. Hoja ya haki ilikuwa na uzito. Wapo wakulima waliosubiri fidia miaka, na serikali zetu hazikupaswa kungoja wageni wazikumbushe.

Ila mwaka huohuo Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine, gesi ikapungua, na Ulaya ikawa inahaha. Ujerumani ilirudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa akiba. Mwezi Mei Kansela Olaf Scholz alikuwa Dakar akizungumzia gesi ya Senegal, ilhali miezi michache nyuma, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, nchi yake iliahidi kuacha kutoa fedha za umma kwa miradi ya aina hiyo ng'ambo. Na bandari ya Mtwara, tuliyoizoea kwa korosho, ikawa inapakia makaa ya Ruvuma kwenda Ulaya. Makaa ni machafu kuliko mafuta, lakini hayo hayakupigiwa kura.

Siwalaumu kwa kutafuta joto la watu wao. Ninachokikataa ni kuletewa sera ya kijani kana kwamba ni sayansi tupu, wakati ndani yake mna maslahi ya nchi kama katika mkataba wowote wa biashara.

Waulizeni Indonesia. Mwaka 2020 walizuia nikeli ghafi isitoke nchini, ili isafishwe kwao. Nikeli hiyo ndiyo huingia kwenye betri za magari ya umeme. Umoja wa Ulaya ukawashtaki katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2022 ukashinda. Indonesia wakakata rufaa na viwanda vyao vikaendelea kujengwa.

Sisi tuna nikeli ya Kabanga kule Ngara na kinywe (grafiti, nayo ya betri) cha Mahenge, na majirani zetu Wakongo wana kobalti inayogombaniwa na dunia nzima. Tabianchi inatuumiza kweli. Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 sitayasahau. Kwa hiyo nataka nishati safi, na nataka wajumbe wetu waende kwenye meza ya mazungumzo ya tabianchi na madini pamoja na Kongo na Burundi, wakidai viwanda vya kusafishia madini vijengwe huku kabla ya kusaini chochote.