Wanafunzi wa kujitolea Hawaii: mikono inahitajika wapi?

Kila likizo, makundi ya wanafunzi hupanda ndege kutoka bara la Marekani kwenda Hawaii kuokota na kuchambua taka. Huelezwa kwamba kazi hiyo inaongozwa na maadili ya wenyeji: mālama ʻāina, kuitunza ardhi inayokulisha, laulima, mikono mingi kwenye kazi moja, kama msaragambo wetu, na kuleana, neno linalobeba haki na wajibu kwa pamoja. Wapinzani wanasema huo ni utalii tu, wenye moshi mwingi wa ndege na usioondoa tatizo la taka. Watetezi wanaonyesha magunia yaliyojaa. Mimi naona tuanze kwa kuuliza kazi ya taka inakwama wapi, na kama mgeni wa wiki moja anaweza kusaidia hapo.

Kwenye urejelezaji wenyewe, kinachokosekana si mikono. Visiwa hivi viko takriban kilomita 3,800 kutoka California na havina viwanda vikubwa vya kuyeyusha plastiki, kwa hiyo robota za chupa husafirishwa kwa meli. China ilipozuia taka za nje mwaka 2018, soko liliporomoka. Mwaka uliofuata kaunti ya Kisiwa cha Hawaii, kilicho kikubwa kuliko vyote, ikaacha kupokea plastiki na sehemu kubwa ya karatasi. Vyombo vya vinywaji vyenye amana ya senti 5, inayorudishwa ukirejesha chombo, mpango ulioanza mwaka 2005, viliendelea kupokelewa. Wanafunzi ishirini wakishinda wanachambua vikombe vya mtindi, hawajaleta mnunuzi hata mmoja. Hoja hii ya wapinzani ina uzito kuliko ile ya moshi wa ndege, ingawa safari ya kwenda na kurudi Los Angeles, zaidi ya kilomita 8,000, nayo si jambo dogo.

Ufukweni hali ni tofauti kabisa. Kamilo, ufukwe wa kusini-mashariki mwa Kisiwa cha Hawaii, hupokea kinachosukumwa na mikondo na upepo wa Pasifiki. Zamani watu walifuata huko magogo yaliyoelea kutoka Amerika Kaskazini, wakayachonga mitumbwi. Leo yanayofika ni nyavu, maboya na vipande vya plastiki. Barabara ni mbovu, mashine kubwa hazifiki kirahisi, na wavu uliojaa mchanga huwashinda watu watatu. Hukatwa kwa kisu chenye meno, kipande kwa kipande, glavu nene mkononi, hadi kila fungu libebeke na watu wawili. Hapa mwanafunzi anahitajika kweli.

Kisha kuna uchambuzi, na makosa mengi hutokea hapo. Ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi husaidia kutenganisha aina za plastiki: polietilini na polipropilini, za mifuko, vifuniko na kamba, huelea; nailoni, PET (ya chupa za vinywaji) na PVC (ya mabomba) huzama. Kipande kioshwe kwanza, maana mchanga uliokwama hukizamisha na kukudanganya, na baadaye huyala makali ya mashine ya kusaga. PVC ikipenya kwenye PET, hutoa asidi inapopashwa moto na kuliharibu fungu lote. Plastiki iliyopigwa jua miaka mingi huvunjika kama biskuti; hiyo haitatoa bidhaa imara, hata ioshwe vipi. Ndiyo maana nyavu nyingi zinazookolewa Oʻahu, kisiwa chenye mji mkuu Honolulu, hukatwakatwa na kuchomwa kuzalisha umeme, utaratibu ulioanza mwaka 2002. Wapo wanaokataa kuuita urejelezaji, na nakubaliana nao. Hata hivyo wavu huo haumkabi tena kasa, na wanafunzi waambiwe hivyo hivyo, bila kupambwa.

Kuhusu maadili, sina shaka na maneno yenyewe. Nina shaka na programu zinazoyafundisha asubuhi kwa dakika kumi kisha zikaacha ratiba iamuliwe na wakala wa safari. Kuleana inamtaka mwenyeji apange kazi, aseme mzigo utaenda wapi, na aweze kusema basi. Sili wa Hawaii, mnyama wa baharini, akipanda kulala mchangani, kazi husimama na watu hukaa mita 15 mbali naye, hata kama gari la kubebea mzigo linasubiri. Na wavu uliofukiwa kwenye matuta hauchimbwi kwa sepetu kabla wenyeji hawajaruhusu, kwa sababu matuta mengi ya Hawaii yana mifupa ya wahenga. Wakikataa, kundi likate sehemu iliyo juu ya mchanga na kuiacha iliyobaki.