Tom Morello ni Mtoto wa Mwalimu Mary

Usiku mmoja mpwa wangu alinitumia video, na chini yake akaandika: "Mjomba, ulijua huyu ni Mkenya?"

Video ilikuwa ya mpiga gitaa wa Marekani, Tom Morello, na bendi yake ya roki, Rage Against the Machine, miaka ile ya 1990, gitaa limepandishwa juu tumboni, watu mbele ya jukwaa wanaruka kama sakafu imeshika moto. Niliandika "Najua," nikaifuta, nikaiandika tena. Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na kila nikilijibu kwa neno moja hubaki na deni, kwa sababu jibu hilo huanza kwa baba na kuishia kwa baba.

Ni kweli, baba yake ni Ngethe Njoroge, mmoja wa wanadiplomasia wa kwanza wa Kenya huru. Alikuwa katika ujumbe wetu Umoja wa Mataifa nchi ilipojiunga, na miaka ya 1970 akawa balozi wetu Uingereza. Kwa upande huohuo ukoo unamfikia Mzee Jomo Kenyatta. Hayo ndiyo tunayoyapenda. Morello akipata tuzo, tunasema damu yetu. Akisimama jukwaani na Bruce Springsteen, mwanamuziki mkubwa wa roki wa Marekani, tunasema kijana wetu.

Mimi nasema tumpe kwanza haki yake mwanamke aliyemlea.

Mary Morello alizaliwa mwaka 1923 na alitokea Marseilles, mji mdogo wa jimbo la Illinois. Alikuwa mwalimu, na alikuwa mtu wa safari: kabla hajafika Kenya alikuwa amefundisha Ujerumani, Hispania na Japani. Alikutana na Njoroge Nairobi mwaka 1963, miezi michache tu kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa. Akapata mimba, wakaenda New York, wakaoana, na tarehe 30 Mei 1964 Tom akazaliwa Harlem, mtaa wa jiji hilo. Mtoto alipokuwa na miezi 16, baba alirudi Kenya. Mama akabaki.

Mambo ya ndoa ya watu wawili hayamhusu mtu wa tatu, na simhukumu Njoroge. Ila nahesabu miaka. Miezi 16 kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili miaka yote iliyobaki ya kuogesha, kulisha, kulipa kodi ya nyumba na kukesha na homa ya mtoto. Kwetu mwanamke aliyeachiwa mtoto hupewa majina upesi sana. Akikua mtoto huyo akang'ara, majina yote yanasahaulika na ghafla mtoto ana ukoo.

Mary alirudi Illinois kutafuta kazi ya ualimu. Tom amesimulia jinsi miji kadhaa ilivyomwambia mama yake kwamba yeye anaweza kufundisha pale, lakini akiwa na mtoto mweusi itabidi akaishi kwingine. Mji uliomkubali na mwanawe ni Libertyville, kaskazini mwa Chicago. Akafundisha historia ya Marekani katika shule ya sekondari ya hapo, shule ileile ambayo Tom alikuja kusoma. Tom anasema yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza kuishi katika mji huo. Anasimulia pia kwamba siku moja walikuta kitanzi cha kamba kimening'inizwa katika gereji yao. Anayejua watu weusi wa Marekani walifanywa nini kwa kamba na mti anaelewa ujumbe ule ulivyokuwa. Mary alikuwa anaifundisha historia hiyo darasani, na nyumbani alikuwa na mtoto wa kumfafanulia maana ya kamba ile.

Nikisikia watu wakishangaa hasira ya Rage Against the Machine imetoka wapi, huikumbuka gereji hiyo.

Sasa gitaa lenyewe. Tom alinunua gitaa la kwanza akiwa na miaka 13. Akaenda kwa mwalimu, akasema anataka kujifunza wimbo wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza. Mwalimu akamwambia kwanza ajifunze kulinganisha nyuzi. Juma lililofuata akarudi, akaambiwa ajifunze ngazi ya noti. Akaona huu ni usumbufu, akalitia gitaa kabatini, likalala humo miaka minne hivi.

Namwelewa sana. Nilipokuwa kijana, mtu aliyetufundisha gitaa kanisani, ambaye simtaji jina, alikaa na sisi miezi mitatu kwenye zoezi moja la vidole, na kila aliyegusa wimbo alipigwa kofi la mkono. Tulianza vijana tisa tukabaki wawili. Hadi leo naamini mwalimu wa muziki anayemnyima mtoto wimbo katika juma la kwanza anamfukuza, hata kama noti zake zote ni sahihi. Mpe mtoto kitu kidogo chenye ladha, hata nyuzi mbili tu, kisha noti atazitafuta mwenyewe.

Kilicholitoa gitaa la Tom kabatini ni kaseti ya Sex Pistols, wale vijana wa London waliopiga muziki mkali usio na ufundi mwingi. Alipoisikia aliona hata yeye anaweza, na katika muda wa siku moja alikuwa ameshajiunga na bendi. Bendi hiyo ya shule iliitwa Electric Sheep, na aliyepiga besi alikuwa Adam Jones, ambaye baadaye naye alikuja kuwa mpiga gitaa maarufu wa bendi ya roki iitwayo Tool. Hebu fikiria, vijana wawili wa shule moja katika mji mdogo namna ile!

Alikuwa na miaka 17, umri ambao kwa wapiga gitaa wakubwa ni wa kuchelewa mno. Mwaka 1982 akaingia Chuo Kikuu cha Harvard, akasomea sayansi ya jamii, akamaliza 1986. Huko ndiko alikojitengeneza. Alianza kwa saa moja ya mazoezi kwa siku, bila kuruka hata siku moja. Alipoona vidole vinatii, akaongeza zikawa mbili, kisha nne, kisha nane. Anasimulia kwamba alikuwa akipiga hata akiwa na homa, hata kukiwa na mtihani asubuhi, na kama masomo yalimchelewesha, mazoezi yalianza usiku wa manane. Watu humwita mwenye kipaji. Mimi naiona nidhamu ya nyumba ya mwalimu, nyumba ambayo kazi ya leo haiachwi mpaka kesho.

Baada ya Harvard alikwenda Los Angeles kutafuta bendi, na njaa ikamkaribisha. Alifanya vibarua vya kila aina, hata kucheza dansi ya kuvua nguo kwenye sherehe, jambo analolisema waziwazi. Kisha akapata kazi ya kupanga ratiba katika ofisi ya Alan Cranston, seneta wa jimbo la California. Huko alimwona mwanasiasa aliyemheshimu akitumia saa nyingi za siku kwenye simu, akiomba matajiri fedha za kampeni. Aliondoka na uamuzi kwamba siasa zake atazifanyia jukwaani.

Wakati huohuo alikuwa akihangaika na vifaa. Alimlipa fundi wa Hollywood amtengenezee gitaa la ndoto yake, na lilipokuja halikumpendeza hata kidogo. Akabadilisha shingo, akabadilisha sumaku, akabadilisha daraja la nyuzi, mara hiki mara kile, mpaka katika lile gitaa la mwanzo kikabaki kiwiliwili peke yake. Bado sauti aliyoitafuta hakuipata. Na amplifaya vilevile: alikaa nayo mchana kutwa akizungusha vifungo. Mwishowe akachoka kutafuta. Akatia alama mahali kila kifungo kilipofika siku hiyo, akaamua kwamba hii ndiyo sauti yake na kuanzia sasa atatunga kwa alichonacho. Alama zile hakuzihama. Kwenye kiwiliwili cha gitaa aliandika kwa mkono maneno ya Kiingereza yenye maana ya "wapeni silaha wasio na makao," na ndilo gitaa linaloonekana katika picha zake nyingi hadi sasa.

Hapa nakaa kidogo, maana nimewaona vijana wengi wetu wakisubiri gitaa la maana, kamera ya maana, kompyuta ya maana, na miaka inapita.

Bendi yake ya kwanza yenye mkataba, Lock Up, ilitoa albamu moja mwaka 1989, haikuuza, kampuni ikawaacha. Ni katika miaka hiyo, anasimulia, aliposimama kwenye onyesho moja akawatazama wapiga gitaa wawili wa bendi nyingine, wote wana kasi ya kutisha, kama yeye. Akajiuliza dunia ina haja gani na watatu wa namna moja katika usiku mmoja. Akaacha kushindana kwa kasi, akaanza kusikiliza vitu visivyo gitaa: helikopta, sauti za wanyama, na zaidi ya vyote madijei wa rapu wanaokwaruza santuri.

Nieleze anavyofanya, kwa sababu ni kitu cha kupendeza. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zinazonasa mtetemo na kuupeleka kwenye amplifaya. Magitaa mengi yana sehemu mbili za sumaku, na swichi ndogo ya kuchagua ipi isikike. Morello huifunga kabisa sauti ya sehemu moja, ya pili akaiacha juu. Sasa swichi ikilalia huku pana kelele, ikilalia kule pana kimya. Mkono mmoja unasugua nyuzi mbele nyuma, mwingine unaichezesha swichi, ta-ta-tata-ta, na ghafla hapana gitaa tena, pana santuri inayokwaruzwa chini ya sindano. Ndiyo solo ya "Bulls on Parade", wimbo wa Rage Against the Machine wa mwaka 1996. Mpwa wangu na mimi tulilijaribu hili kwa gitaa la kuazima, sebuleni, na ilituchukua Jumamosi nzima kupata mikwaruzo minne mfululizo yenye mdundo.

Anayejua benga, muziki wetu wa magitaa wa Kenya, hatashangaa sana. Wapiga solo wa Nyanza waliyafanya magitaa yao yaseme kama nyatiti, kinubi cha Waluo, ule uzi mmoja mmoja unaodonolewa na kurukaruka. Walichukua chombo cha wageni wakakifundisha lugha ya nyumbani. Morello alikichukua chombo hichohicho akakifundisha lugha ya dijei wa mtaani. Kama tunatafuta undugu naye, mimi nautafutia hapo kuliko kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mwaka 1991 alikutana na Zack de la Rocha, kijana aliyefoka mashairi ya siasa, wakaungana na Tim Commerford kwenye besi na Brad Wilk kwenye ngoma. Albamu yao ya kwanza ilitoka Novemba 1992. Jalada ni picha ya mtawa wa Vietnam, Thích Quảng Đức, akiungua baada ya kujiwasha moto mwaka 1963 kupinga dhuluma. Na ndani yake wakaandika kwamba katika rekodi hiyo hakuna sauti za kunukuliwa kutoka rekodi nyingine, hakuna kinanda, hakuna sinthesaiza, ile mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme. Ilibidi waandike, maana wasikilizaji wasingeamini.

Na Mary? Mwaka 1987 alianzisha chama cha wazazi wa kutetea muziki wa roki na rapu, siku ambazo wanawake walioolewa na wanasiasa wa Washington walikuwa wakitaka nyimbo ziwekewe vibandiko vya onyo. Alikuwa na miaka zaidi ya 60. Baadaye alikuwa akipanda jukwaani mwenyewe, bibi wa nywele nyeupe, kuitambulisha bendi ya mwanawe kwa maneno makali ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Novemba 2023 Rage Against the Machine waliingizwa katika jumba la heshima la roki, kwenye sherehe iliyofanyika New York. Kati ya wanne, alihudhuria Tom peke yake. Katika hotuba yake alimtaja mama yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa ametimiza miaka 100 mwezi uliotangulia na alikuwa akitazama kutoka nyumbani. Akafikisha ujumbe wake kwa waliokuwepo: kwamba historia, kama muziki, haijitokei tu, watu ndio huitengeneza. Hiyo ni sauti ya mtu aliyesimama mbele ya ubao.

Mama yangu naye ni mwalimu mstaafu, aliyetulea wanne peke yake kwa mshahara wa shule ya msingi. Majuzi nilimwekea "Bulls on Parade" sebuleni. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Ni Mkenya, Mama. Baba yake alikuwa balozi."

"Na mama yake?"

"Mwalimu. Wa historia."

"Alimlea na nani?"

"Peke yake."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hebu rudia pale anapokwaruza."