Kamba iliyofutwa: kromosomu ya bakteria na utando wa seli

Ubishi ulianzia barazani Kibokoni, kwenye kahawa ya jioni. Mpwa wangu anayesomea mambo ya maabara alinikuta nikimchorea mtoto wa jirani seli ya bakteria kama nilivyofundishwa mimi: duara la DNA, yaani kromosomu yake, na kamba inayolifunga kwenye utando, ile ngozi ya seli. "Mjomba, hiyo kamba haipo," akasema, akaendelea kutafuna kashata. Nimelifikiria wiki nzima, na naona kapatia nusu.

Kwanza vipimo. DNA ya E. coli, bakteria wa matumboni, ina jozi za herufi kama milioni 4.6. Ukiinyoosha inafika milimita 1.6, na seli yenyewe ni mikromita 2 hivi. Ni sawa na kutia mshipi wa kuvulia wa mita 80 ndani ya kopo la sentimita 10, na bado uweze kuuvuta bila kutatizika. Shika kipande cha mshipi ncha mbili, kisokote, kisha sogeza mikono karibu: kinajikunja chenyewe. Kimeng'enya kiitwacho jairesi huisokota DNA namna hiyo, ila kinyume cha msokoto wake wa asili, na dawa ya sipro tunayouziwa madukani huua bakteria kwa kukikwamisha. Protini nyingine huipinda na kuikamata vitanzi. Hapa hatukubishana.

Tulibishana juu ya kamba. Mwaka 1963 wanasayansi Jacob, Brenner na Cuzin walitoa wazo kwamba nakala mbili za kromosomu hushikamana na utando, nao ukikua katikati yao huzitenganisha, kama madau mawili yaliyofungwa kwenye gati linalorefuka. Wazo tamu, na hadubini ya elektroni ikaonekana kulithibitisha: mikunjo ya utando, mesosomu, ikadhaniwa ndiyo mafundo yenyewe. Kumbe mikunjo ile iliumbwa na kemikali za kuandalia seli! Tena ikaonekana kwamba vianzio vya kromosomu, yaani pale kunakili kunapoanzia, huachana kwa kasi kuliko seli inavyorefuka. Gati haliwezi kuviburura hivyo.

Mpwa wangu anasimama na wanasayansi Suckjoon Jun na Bela Mulder, ambao mwaka 2006 walionyesha kwa hesabu za fizikia kuwa nyuzi mbili ndefu zilizobanwa kwenye mwanya mwembamba huachana zenyewe, maana kila moja ina nafasi zaidi ya kucheza ikiwa peke yake. Hoja nzuri, ila inaeleza kuachana tu. Haielezi kwa nini kila kipande kina makao yake.

Hapo ndipo namrudia na bakteria wa kipindupindu, ambaye Mombasa hahitaji kutambulishwa. Ana kromosomu mbili, na kianzio cha ile kubwa hushikwa kwenye ncha ya seli na protini iitwayo HubP. Nanga kamili! Lakini tuseme kweli: ukiwanyima bakteria hao mashine ya ParA1 inayokipeleka kianzio huko, kinahama kutoka nchani, na seli zinaendelea kuishi na kugawanyika.

Ushahidi unaonivutia zaidi ni mwingine. Bakteria hawana kiini, basi protini ya utando huweza kushonwa mahali pake huku jeni yake bado inasomwa. Kwa dakika hizo, jeni, nakala yake, ribosomu (kiwanda kinachounda protini) na utando ni mnyororo mmoja. Mwaka 2012 ilionyeshwa katika E. coli kwamba jeni ya protini inayoingiza sukari ya maziwa husogea kuelekea utando inapowashwa. Kwa hiyo kushikana kupo, ila ni kwa mikono ya makuli wakipokezana magunia: huyu anashika, yule anaachia.

Nikauchora upya mchoro, kamba nikaifuta, nikatia vistari vingi vifupi vya nukta. Mpwa wangu akauangalia, akaniuliza mbona nimeiacha mesosomu. Nikaomba tena kifutio.