Tembo, bundi na treni: akili mnemba ianzie relini

Ukitaja akili mnemba na treni kwa pamoja, wengi wanawaza treni isiyo na dereva. Hiyo mimi hainipi presha. Paris wanayo tangu 1998, metro ya laini namba 14, tena inapita chini ya ardhi ambako hakatizi hata mbuzi. Reli zetu zinapita porini, na huko ndiko ningependa kuiona hiyo akili ikifanya kazi.

Mwaka 2024, SGR yetu ya Tanzania, ile reli ya kisasa ya umeme, ilipokuwa bado changa, treni ilikwama na Shirika la Reli likataja ngedere na bundi. Mitandaoni watu walicheka sana (bundi naye kwa sifa zake!). Lakini nyaya zile zinabeba volti 25,000. Mnyama akigusa waya na nguzo kwa wakati mmoja, umeme unakatika, na abiria mnabaki mnatazamana.

Kwa wenzetu wa Kenya mgeni ni mkubwa zaidi. Reli ya Mombasa hadi Nairobi inapasua hifadhi ya Tsavo, kwenye tembo. Wamejenga madaraja na vivuko vya kupita chini ya tuta, na tembo wengi wanavitumia, ila tembo hana ratiba wala hasomi bango.

Wahindi wamekuja na kitu ninachokipenda. Mfumo wao unaitwa Gajraj, na walianza kuujaribu Assam na West Bengal mwishoni mwa 2022. Wanatumia mkongo wa mawasiliano uliofukiwa kando ya reli. Ndani ya mkongo unapita mwanga. Tembo akikanyaga karibu, ardhi inatikisika na mwanga nao unayumba kidogo. Kompyuta imefundishwa mitikisiko hiyo, kwa hiyo inatofautisha hatua za tembo na za mtu, au mngurumo wa treni yenyewe. Ikishamtambua, taarifa inawafikia waongoza treni na stesheni ya jirani, na dereva anaambiwa apunguze mwendo.

Muda ndio kila kitu hapo. Treni ya kilomita 160 kwa saa inameza mita 44 kila sekunde, na kusimama kwake kunataka zaidi ya kilomita nzima. Dereva akishamwona tembo kwa macho yake, breki ni ya kupunguza kishindo tu. Mkongo unamwona mnyama angali vichakani, hata usiku, hata kwenye mvua. Tena reli za kisasa huwa na mkongo huo tayari, kwa ajili ya mawasiliano yake.

Wasiwasi wangu uko kwenye manunuzi. Tutaletewa mashine iliyosoma tembo wa Asia, tuifunge Tsavo au tuilete huku kwa Wagogo, ambako ng'ombe mia wanaweza kutembea sambamba na uzio asubuhi nzima. Itapiga kengele kwa kila kundi la ng'ombe. Dereva aliyepunguza mwendo mara tatu bure, ya nne hatapunguza, na mimi simlaumu. Kwa hiyo kabla ya mkataba wowote, askari wa wanyamapori, wafugaji na mafundi wa njia washirikishwe kurekodi mitikisiko ya hapa hapa, masika na kiangazi, kwa sababu udongo mbichi hautikisiki kama mkavu. Na rekodi hizo zibaki mali yetu, tusije kuuziwa tena nyayo za tembo wetu wenyewe.