Mfumo usiojua giza la mwezi: akili mnemba na ulinzi wa biashara Kigoma

Biashara ya dagaa pale Kibirizi, soko la samaki la Kigoma, huenda na mwezi. Siku za giza taa za wavuvi huvuta dagaa, boti hurudi zimejaa na simu za malipo hazipumziki. Mbalamwezi ikikomaa, soko linalala. Sasa chukua mfumo wa akili mnemba wa kulinda akaunti. Kazi yake ni kujifunza kawaida ya mteja, yaani saa anazolipa, kiasi, kifaa na mahali alipo, kisha kupiga tahadhari penye tofauti. Ukiwashwa wakati wa mbalamwezi, giza likiingia utaona kila muamala ni wizi.

Hiyo si sababu ya kuukataa. Duka la vipuri la mtaa wa Mwanga lenye kompyuta tatu haliwezi kumlipa mtaalamu akeshe akizilinda, na hapo ndipo mashine inapomzidi mtu. Antivirusi za zamani zilitegemea orodha ya virusi vinavyojulikana. Za sasa hutazama tabia. Programu ikianza kufunga mafaili kwa mamia ndani ya dakika moja ili yasifunguke tena, inaweza kusimamishwa hata kama haijawahi kuonekana popote. Windows 10 na 11 zina Defender, antivirusi ya Microsoft, ndani yake bila malipo, na kwa duka dogo inatosha kuanzia. Ila Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ulinzi juu ya mfumo usiosasishwa ni kufunga mlango dirisha likiwa wazi.

Tatizo la tahadhari za uongo lihesabiwe mapema. Biashara yenye miamala 300 kwa siku, mfumo ukikosea mara 1 katika kila 100, itapata tahadhari 3 za bure kila siku, karibu 90 kwa mwezi. Baada ya wiki mbili mhasibu anabonyeza "ruhusu" bila kusoma, na ya kweli itapita humo humo. Kigoma ina mengine ya kuuchanganya: mwenye mali analala Bujumbura Jumatatu na kufungua akaunti yuko Ujiji Jumatano, au Ziwa Tanganyika linafungwa, kama lilivyofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kisha mauzo yanarudi kwa kishindo. Kwa hiyo siku 60 za mwanzo mfumo uachwe utoe tahadhari tu, usizuie chochote, ili uone giza na mbalamwezi mara mbili. Nchi mnazofanya nazo biashara ziandikwe kwenye mipangilio tangu siku ya kwanza.

Hatari inayonitia hofu zaidi haipiti kwenye kompyuta kabisa. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wengi wameshaujua, na Kiswahili kibovu kilikuwa kikiwaumbua matapeli. Akili mnemba imewaondolea aibu hiyo, na sasa inaiga hata sauti. Januari 2023 Microsoft ilieleza mfumo wake uitwao VALL-E, unaoiga sauti ya mtu anayesema Kiingereza kwa sampuli ya sekunde 3. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp ameshaacha sekunde nyingi kuliko hizo kwenye simu za watu.

Mwaka 2024 iligundulika kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video ambamo sura na sauti za wakubwa wake zilikuwa za kutengenezwa. Awali alikuwa ameutilia shaka ujumbe wenyewe. Kikao ndicho kilichomtoa wasiwasi. Mifumo ya kampuni haikuvunjwa, kwa hiyo kinga ya kompyuta isingekuwa na uvamizi wa kukamata.

Dawa yake ni utaratibu. Maagizo ya kubadili namba ya malipo yasikubaliwe kwa sauti wala video. Kata simu, kisha piga wewe kwa namba iliyo kwenye daftari la zamani. Juu ya kiwango mlichokubaliana, tuseme shilingi 500,000, waidhinishe watu wawili, kila mmoja kwa simu yake. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba ya tapeli itumwe kwa ujumbe kwenda 15040.

Upande mwingine ni wafanyakazi wenyewe. Mwaka 2023 Samsung ilizuia wafanyakazi wake kutumia ChatGPT, akili mnemba ya kuandika na kujibu maswali, baada ya wahandisi wake kubandika humo msimbo wa siri wa programu za kampuni. Karani anayebandika orodha ya wadaiwa ili apangiwe barua anafanya jambo lile lile, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamgusa mwajiri wake. Majina, namba za simu na za NIDA zitolewe kwanza, ziwekwe A, B na C.

Fedha ikiwa kidogo, mfumo wa kulipia unaweza kusubiri. Kwanza nunua diski mbili za nje za kuhifadhia nakala za hesabu. Moja ibaki dukani, ichomolewe kila baada ya kunakili, kwa sababu iliyochomekwa hufungwa na virusi pamoja na kompyuta. Nyingine ilale nyumbani, na zibadilishane kila Jumamosi.