Mchagua Jembe Si Mkulima, Mchagua Shoka Je?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kuhusu mchagua shoka walinyamaza, na mimi nawashukuru, maana nimechagua shoka wiki tatu nzima kwa ajili ya safari ya siku mbili.

Chanzo ni shemeji. Aligawa vifaa vya kambi kwa simu kama anayegawa urithi: huyu hema, yule taa, mwingine sufuria. Mdogo wake, kijana mwepesi wa ulimi na mzito wa mgongo, akawahi kusema yeye ataleta kiberiti. Kiberiti! Mimi nikaambiwa, "Shemeji, wewe ndiye mtu mzima hapa, lete shoka." Nikaona nimeheshimiwa. Kumbe nimetwishwa.

Kwangu mimi shoka lilikuwa chuma na mti, basi. Nikaingia dukani nikasema nataka shoka. Muuzaji akaniangalia kama daktari aliyeambiwa "nipe dawa."

"La kukata au la kupasua?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. La kukata lina ubapa mwembamba, kazi yake ni kukatisha nyuzi za mti. La kupasua lina mashavu manene kama kabari, lenyewe linafuata nyuzi na kuzitenganisha. Ukilituma la kupasua likakate tawi, linadunda na kukurudia. Ukilituma lile jembamba likapasue gogo nene, linazama na kung'ang'ania humo humo, unabaki umekanyaga gogo na kuvuta mpini kama mtu anayemvua mlevi kiatu. Nikasema, "Basi nipe linalofanya yote mawili." Akajibu kwamba lipo, ila hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalolifanya vizuri. Muuzaji mkweli ni balaa. Anakunyima hata raha ya kudanganywa.

Ikaja habari ya ukubwa. Kuna kishoka cha mkono mmoja, kichwa gramu 600 hivi, mpini kama sentimita 35. Kuna la kati, mpini kuanzia sentimita 50 hadi 65, unaweza kulishika kwa mkono mmoja au yote miwili. Halafu kuna lile la kuangushia miti, mpini sentimita 80 au 90, kichwa kilo moja na nusu kwenda mbele. Hilo ukilitia kwenye begi la mgongoni, unatembea umeinama kama unatafuta sindano.

Nikachagua kishoka. Sababu zangu zilikuwa mbili: kinaingia kwenye begi, na kitu kidogo hakiwezi kumuumiza mtu sana. Sababu ya kwanza ilikuwa kweli.

Nikadhani tumemaliza. "Mpini wa nini?" Jamani! Kuna vile vya chuma kitupu kuanzia kichwa hadi mkiani, havichomoki maisha, lakini kila pigo linapanda hadi kwenye kiwiko kukusalimia. Kuna vya plastiki ngumu, vyepesi, havijali mvua wala jua, ila siku ukivunjika huo mpini, huwezi kukaa chini ukachonga plastiki nyingine. Kuna vya mti, vinavyomeza mshtuko wa pigo na vinavyobadilishwa mpini vikaendelea na maisha. Na kulikuwa na dude moja lenye shoka, nyundo, koleo, bisbisi na kisu, vyote vimekunjwa pamoja. Nililishika nikahisi nimeshika mfuko wa misumari. Lina kazi kumi, na hakuna hata moja iliyosomewa.

Nikasema mti. Hapo mzee mmoja, mteja kama mimi, akanigusa bega. "Mwanangu, usinunue vanishi. Angalia kitako cha mpini." Akanionyesha: ile mistari ya mti pale mwishoni inatakiwa ielekee kule kule makali yanakoelekea. Ikikatiza kama ngazi, mpini huo utakuja kuvunjika siku una haraka nao. Kisha unafumba jicho moja, unatazama mpini kwa urefu wake uone kama umenyooka. Nikaanza kukagua. Wa kwanza mistari imelala. Wa pili umepinda kama mguu wa mbuzi. Wa tatu umepakwa rangi nzito huoni kitu, na mtu hafichi asichokionea aibu. Nilipofika wa tisa, jicho moja nimelifumba, mpini umeninyookea puani, mlinzi wa duka alikuwa amesogea karibu yangu na rungu lake. Sikumlaumu. Hata mimi ningesogea.

Nikarudi nyumbani na kishoka changu ndani ya ala ya ngozi. Mke wangu akakitazama. "Baba watoto, wiki zote hizi, ndiyo hiki?" Sikumjibu. Nilikwenda uani kufanya majaribio.

Jirani yangu ni mstaafu ambaye kazi yake sasa ni mimi. Aliponiona nimesimama, kishoka mkononi, kigogo kiko chini, akapiga kelele kutoka kwake: "Piga magoti!" Nikadhani kuna majambazi, nikapiga. Kumbe ndiyo somo lenyewe. Shoka refu likikosa gogo, linamalizia safari ardhini mbele yako. Shoka fupi likikosa gogo, linaendelea kuzunguka kuja kwako, na kitu cha kwanza linachokutana nacho ni ugoko. Kwa hiyo kile nilichokinunua kwa sababu ni kidogo hakiumizi, ndicho kinachotaka unyenyekevu kuliko vyote. Unapiga magoti, chini unaweka gogo pana la kupokea makali, na mkono mwingine hauko popote karibu. Mtu mzima mimi, magotini mbele ya kigogo, kama naomba kiniongezee muda wa kulipa deni.

Siku hiyo nilichanja vijiti sita. Nikafurahi mno. Nikakiweka kishoka dirishani, kwenye jua, wageni wakione.

Wiki moja baadaye nikakichukua tena. Pigo la kwanza sawa. La pili nikasikia sauti kama jino linalolegea. La tatu mkono ukashuka mwepesi kweli kweli, nikashika mpini mtupu, na kichwa kikapita juu ya ukuta kwenda kumtembelea jirani. Nilisimama pale nimeishika methali nzima mkononi, ila kinyume: shoka lisilo mpini halichanji kuni, sasa mpini usio na shoka ndio utafanya nini?

Jirani alikirudisha mwenyewe. Kwa bahati kilikuwa kimeua ndoo tu. Sababu ni lile jua la dirishani: mti ukikauka unasinyaa, tundu la chuma halisinyai, pakapatikana nafasi. Mpita njia mmoja, wale wasiokosekana, akanishauri nikiloweke kwenye maji usiku kucha. Nikaloweka. Asubuhi kimekaza kama ahadi ya uchumba. Kesho yake jioni kimelegea kuliko mwanzo. Mti ukinywa maji unavimba, lakini chuma hakiupishi, basi nyuzi zake zinajipondaponda humo ndani; ukikauka tena, unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa. Dawa ni kupigilia kichwa kikae mahali pake, kuongeza kabari, na kuunywesha mpini mafuta ya kitani, na si kuuanika dirishani kama zulia.

Mwaka 1991 wapanda milima walimkuta mtu amegandia kwenye barafu ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Amelala hapo zaidi ya miaka 5,000. Kando yake kuna shoka la shaba, mpini wake kama sentimita 60, na kichwa bado kimekaa kwenye mpini, kimefungwa kwa ukanda wa ngozi na kugandishwa kwa lami ya mti. Miaka elfu tano! Changu kilimaliza siku nane. Na yule bwana hakuulizwa na mtu kama anataka la kukata au la kupasua.

Makali nayo yana kesi yake. Kishoka kilitoka dukani butu kiasi cha kuweza kukunia mgongo. Nilitaka kukipeleka kwenye mashine ya kunolea, ile ya cheche, jirani akanizuia: chuma kikipata moto hadi makali yageuke rangi ya samawati, ugumu wake umekwenda, hapo umebaki na kijiko. Nikapewa tupa na kinoo. Nimenoa jioni nne. Mke wangu akaniambia nimekuwa mtulivu siku hizi, anapenda. Sikumwambia kwamba vidole vyangu havikunjiki.

Siku ikafika. Tukapiga kambi. Shemeji akasema kwa sauti ya sherehe, "Haya, shoka!" Nikalitoa kwenye ala polepole, wote wananitazama. Wiki tatu zangu hizo. Nikatafuta kuni.

Kuni zote zilikuwa vijiti vikavu vya unene wa kidole gumba. Unavivunja kwa goti. Miti mibichi ilikuwa marufuku kugusa, na hata ingeruhusiwa isingewaka. Mtoto wa shemeji, miaka tisa, alikusanya mzigo mzima kwa mikono mitupu huku anapiga mluzi. Nilizunguka robo saa nikakuta tawi moja lenye unene wa maana. Lilikuwa na fundo katikati. Nikapiga magoti, nikapiga, kishoka kikakwama kwenye fundo hilo mpaka kesho yake asubuhi.

Na unajua nani alishangiliwa usiku ule? Kijana wa kiberiti. Akachomoa njiti moja, akaiwasha, moto ukashika, watu wakapiga makofi.

Wakati wa kufungasha, shemeji akanishika bega kwa huruma. "Shemeji, nimefikiria. Matawi kama yale yanataka msumeno. Safari ijayo achana na shoka, wewe lete msumeno tu."

Nikamwangalia. "Wa kukunja au wa fremu? Meno ya mti mbichi au ya mti mkavu? Unakata kwa kuvuta au kwa kusukuma?"

Kijana wa kiberiti alikuwa ameshaingia garini.