Tarehe Iliyogoma Kufutika

Katuni yenyewe ni jarida la hadithi za picha la Marekani, la miaka ya 1960, na niliipata ikiwa na afya kuliko mimi. Kona zote kali, mgongo hauna mikunjo, pini hazina kutu, jalada jekundu linang'aa. Daraja za hali ya katuni huanzia 0.5 hadi 10, na mimi nilishaipa 9 kabla sijavua viatu.

Ila pale juu, karibu na jina, kulikuwa na mwandiko hafifu wa penseli: 4/12.

Nikaona ni kazi ya mtoto mtundu. Penseli si hufutika? Nikachukua raba, nikasugua polepole, kwa adabu. Penseli ikafifia. Nikanogewa, nikaongeza nguvu. Kugeuza raba naona imekuwa nyekundu kama midomo ya bibi harusi, na kwenye jalada kuna doa jeupe ukubwa wa kifungo cha shati.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaenda kutafuta maka peni nyekundu.

Wekundu, kumbe, una umri wake. Ule wa jalada ulikuwa umetulia kizee. Wangu uliwaka kama taa ya breki. Halafu wino ukazama kwenye karatasi. Nilipofungua ndani, yule jamaa wa tangazo la kujenga misuli, aliyetunisha kifua miaka yote hiyo bila kusumbuliwa na mtu, alikuwa na jipu shavuni.

Nikaituma hivyo hivyo kwa wapimaji, wale wanaokagua hali ya katuni na kuipa daraja. Nilijiambia wana katuni nyingi, hawataangalia sana. (Watu ambao kazi yao ni kuangalia!)

Ikarudi imefungiwa kwenye kasha lake la plastiki, na lebo ya zambarau, rangi wanayobandikwa waliofanyiwa ukarabati. Wakaeleza kabisa: rangi imeongezwa jaladani, kazi ya ridhaa. Ridhaa! Kama timu ya mchangani.

Nikampelekea rafiki yangu, mkusanyaji wa siku nyingi, nikitegemea pole. Aliangalia doa, akaniangalia mimi, akauliza palikuwa na nini hapo. Nikamwambia.

"Hiyo ni tarehe ya kupokelea mzigo," akasema. "Wauza magazeti waliandika siku toleo lilipofika, wajue lipi limekaa sana la kurudisha. Wapimaji hawana ugomvi nayo. Ikiwa ndogo na safi hivyo, daraja haliguswi sana. Wengine tunazipenda."

"Mnazipenda?"

"Jalada huandikwa mwezi wa mbele, siyo mwezi lililotoka. Ile penseli ndiyo ilikuwa inasema ukweli."

Sikujibu kitu. Yeye akalaza kasha chini ya taa, mwanga ukapita kwa upande, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Ncha ya penseli ilikuwa imeacha mbonyeo kwenye karatasi. Katikati ya wekundu wangu wote ilisomeka 4/12, tena vizuri kuliko mwanzo.